Moyo Ulioachwa Mtini: Safari ya Kisa cha Kima na Papa

Kisa cha kima na papa ni miongoni mwa ngano za pwani ya Afrika Mashariki zilizotangulia kuandikwa. Kima anaishi juu ya mkuyu mkubwa uliomea ukingoni mwa bahari, nusu ya matawi yake yako juu ya maji na nusu juu ya nchi kavu. Kila akila makuyu humtupia papa anayengoja chini, na kwa makuyu hayo urafiki unakolea. Siku moja papa anamwalika mwenzake kwao ili naye alipe fadhila. Kima anasema hajui kuogelea. Papa anamwambia apande mgongoni. Wakiwa katikati ya bahari ndipo papa anapotoboa siri: sultani wa kwao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima.

Kima hababaiki. Anamlaumu papa kwa kutomwambia mapema, maana wao makima, anadai, wakitoka safari huiacha mioyo yao mtini. Papa anageuza njia ili wakauchukue. Kima akishashika tawi hashuki tena, na papa anapomhimiza anamuuliza kama amemfanya yeye punda wa dobi.

Papa hajui punda wa dobi ni nani, kwa hiyo anasimuliwa kisa cha pili ndani ya kile cha kwanza. Punda alimtoroka dobi aliyekuwa akimtwika mizigo, akaingia mwituni akanenepa. Sungura akamwona, akampelekea habari simba ambaye alikuwa hajapata nguvu baada ya kuugua. Punda akadanganywa kwa habari za posa hadi kwa simba, akarukiwa, akaponyoka. Sungura akamfuata tena, akamlainisha kwa maneno, na punda akarudi kule kule alikoponea. Safari hii hakupona. Sungura akala moyo na masikio. Simba alipoviulizia, akajibiwa kwamba mnyama huyo hakuwa navyo: angekuwa na masikio ya kusikia na moyo wa kufahamu, asingerudi mara ya pili.

Askofu Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyefika Unguja mwaka 1864, alikichapisha kisa hiki mwaka 1870 katika mkusanyo wake wa hadithi za Waswahili uitwao Swahili Tales, wenye matini ya Kiswahili na tafsiri ya Kiingereza. Mwaka 1901 George W. Bateman alikitoa tena kwa Kiingereza, mjini Chicago, katika kitabu chake cha hadithi za Zanzibar. Wakati huo kisa kilikuwa kimekwisha kusimuliwa na kuandikwa barani Asia kwa zaidi ya miaka 1,500. Historia yake inaonyesha jinsi ngano zinavyovuka bahari, zinavyobadilika zikifika ugenini, na jinsi wataalamu wanavyozitambua hata zikibadilika.

Mto Ganges na mti wa zambarau

Maandishi ya kale zaidi ya kisa hiki yanatoka Bara Hindi. Katika mkusanyo wa Jataka, wenye hadithi 547 za maisha ya awali ya Buddha, hadithi ya 208 inahusu nyani mwenye nguvu aliyeishi kando ya mto Ganges. Mke wa mamba anamwona na kutamani kula moyo wake. Mamba anamwendea nyani, anamsifia matunda ya ng’ambo ya mto, anajitolea kumvusha. Katikati ya mto anaanza kumzamisha na kumweleza sababu. Nyani anamjibu kwamba wanyama warukao matawini wangebeba mioyo kifuani ingepasuka vipande vipande, ndiyo maana huitundika. Kisha anamwonyesha mtini matunda ya mkuyu wa Kihindi yaliyoning’inia kwa mbali. Mamba anasadiki.

Wabuddha walikuwa na shabaha yao katika kukisimulia. Nyani ndiye Buddha mwenyewe katika maisha yaliyopita, na mamba ni Devadatta, jamaa yake ambaye katika mapokeo ya dini hiyo alijaribu mara nyingi kumuua. Kisa kinathibitisha kwamba uadui huo haukuanza leo, na kwamba hekima ilikwisha kuushinda.

Panchatantra, kitabu cha Kisanskriti chenye sehemu tano, kilikichukua kisa hicho hicho na kukipa kazi nyingine. Mapokeo yanasema kitabu kilitungwa na mzee wa Kibrahmani aitwaye Vishnu Sharma, aliyepewa wana watatu wa mfalme walioshindikana kufundishika na kuahidi kuwatia akili ya utawala kwa muda wa miezi sita. Kisa cha nyani na mamba ndicho kinachobeba sehemu ya nne, inayofundisha jinsi mtu anavyopoteza alichokwisha kukipata. Hapa anayetazamwa ni mamba: alikuwa na windo mgongoni, akalipoteza kwa kusema kabla ya wakati.

Katika toleo la Panchatantra linalojulikana zaidi, nyani anakaa juu ya mzambarau. Mamba anapeleka zambarau nyumbani, na mkewe anapiga hesabu kwamba mnyama anayekula vitu vitamu namna hii kila siku lazima moyo wake uwe mtamu kupindukia. Humo ndimo pia anamoonekana punda. Ni punda wa dobi, amechoshwa na mizigo. Bweha anamshawishi kwa habari za punda majike, anampeleka kwa simba aliyejeruhiwa na tembo, na mwisho bweha ndiye anayekula masikio na moyo. Visa viwili vilivyosimuliwa Unguja vikiwa vimefungamana vilikuwa vimefungamana tangu huko.

Tabibu wa Uajemi na mwandishi wa Basra

Njia ya kisa kuelekea magharibi inajulikana vizuri kwa sababu ilipita vitabuni. Katika karne ya 6, enzi ya mfalme Khosrow Anushirwan wa Uajemi, tabibu aitwaye Burzoy alikwenda India na kurudi na hadithi za Panchatantra pamoja na nyingine, akazitafsiri kwa Kipahlavi, Kiajemi cha zama hizo. Mshairi Firdausi, katika utenzi wake mkubwa wa wafalme wa Uajemi, anasimulia kwamba Burzoy alikwenda kutafuta mmea unaofufua wafu. Alihangaika milimani bila mafanikio, hadi mwenye hekima mmoja alipomfumbulia fumbo: wafu ni wajinga, na dawa inayowafufua ni kitabu.

Tafsiri ya Burzoy imepotea. Iliyobaki na kuenea ni ya Kiarabu, iliyofanywa katikati ya karne ya 8 na Ibn al-Muqaffa, Mwajemi aliyesilimu na kuwa mmoja wa waasisi wa nathari ya Kiarabu. Aliuawa Basra akiwa bado kijana, lakini kitabu chake, Kalila wa Dimna, kilichoitwa kwa majina ya bweha wawili wa hadithi ya kwanza, kikawa miongoni mwa vitabu vya Kiarabu vilivyosomwa na kutafsiriwa kuliko vyote.

Katika kitabu hicho nyani ni mfalme mzee aliyepinduliwa na kijana. Anakimbilia pwani na kufanya makao juu ya mtini. Siku moja anaangusha tini majini, anasikia mlio wake, unampendeza. Basi akawa kila akila huangusha nyingine ili ausikie tena. Chini yuko kasa anayezila tini hizo, akidhani zinatupwa kwa ajili yake. Urafiki unaanzia kwenye dhana hiyo. Mke wa kasa, akiona mumewe haonekani nyumbani, anajifanya mgonjwa kwa ushauri wa jirani, na inatangazwa kwamba hakuna kitakachomponya ila moyo wa nyani. Kasa anasitasita njiani, kwa kuwa anampenda rafiki yake na anamwonea huruma mkewe, na ni kusitasita huko kunakomtia nyani wasiwasi hadi akauliza.

Kutoka Kiarabu kitabu kilisambaa pande zote. Symeon Seth alikitia katika Kigiriki mwishoni mwa karne ya 11. Mwaka 1251 kilitafsiriwa kwa Kihispania cha Kikastilia, na katika karne hiyo hiyo John wa Capua alikitoa katika Kiebrania akakitia katika Kilatini, lugha ya wasomi wa Ulaya. Mshairi Mfaransa La Fontaine, alipochapisha mkusanyo wake wa pili wa hadithi za wanyama mwaka 1678, alikiri kwamba anadaiwa sehemu ya hadithi hizo na mwenye hekima wa Kihindi aliyemwita Pilpay.

Kisa cha moyo kilipata pia umbo la Kiyahudi. Katika Alfabeti ya Ben Sira, maandishi ya Kiebrania ya zama za kati, Leviathani, mnyama mkuu wa baharini, anasikia habari za werevu wa mbweha na kutaka kuula moyo wake ili awe na hekima hiyo. Samaki wanatumwa wamchukue. Mbweha anawaambia baharini kwamba kwao mtu hatembei na moyo wake ila unapohitajika, nao wanamrudisha nchi kavu.

Ini la sungura

Kuelekea mashariki kisa kilibebwa na watawa wa Kibuddha. Katika karne ya 3, mtawa Dharmaraksha alitafsiri kwa Kichina mkusanyo wa hadithi za Buddha ambamo kasa anamtaka nyani, na kinachotakiwa si moyo tena, ni ini. Badiliko hilo lilidumu Korea na Japani pia.

Korea haina nyani wa porini, kwa hiyo nafasi yake ilichukuliwa na sungura. Kisa chake kimehifadhiwa katika Samguk Sagi, kitabu cha historia kilichokamilishwa mwaka 1145 chini ya Kim Busik, na kimewekwa ndani ya tukio la kisiasa. Mwaka 642 mwanamfalme Kim Chunchu wa Silla alikwenda ufalme jirani wa Goguryeo kuomba msaada wa kijeshi. Mfalme wa huko akadai kwanza arudishiwe ardhi fulani, na mgeni alipokataa akatiwa kifungoni. Kim Chunchu akampa mtumishi mmoja wa mfalme zawadi ya vitambaa. Mtumishi akaja na chakula na kinywaji, wakanywa pamoja, kisha kama mtu afanyaye mzaha akamuuliza kama amewahi kusikia habari za kasa na sungura.

Binti wa mfalme joka wa bahari ya mashariki alikuwa mgonjwa, alisimulia, na dawa yake ni ini la sungura. Kasa akamlaghai sungura kwa habari za kisiwa chenye malisho mema, akambeba, akamweleza ukweli wakiwa majini. Sungura akasema yeye ana uwezo wa kuyatoa maini yake na kuyaosha, na kwamba siku chache nyuma aliyatoa akayaacha chini ya jiwe. Wakarudi ufukoni, sungura akakimbilia majanini huku akimcheka kasa.

Mfungwa akaelewa. Aliandika barua ya kuahidi kwamba akifika kwao ataomba ardhi ile irudishwe, akaachiliwa, na alipovuka mpaka akawaambia waliomsindikiza kwamba jambo hilo halikuwa katika uwezo wake. Mwaka 654 akawa mfalme wa Silla. Kisa chenyewe kiliendelea kuishi vinywani mwa watu hadi kikawa Sugungga, moja ya tungo tano za pansori zilizosalia. Pansori ni sanaa ya Korea ambamo mwimbaji mmoja, akifuatana na mpiga ngoma mmoja, husimulia kisa kirefu kwa saa nyingi.

Japani, ambako nyani wapo, nyani alirudi katika nafasi yake. Konjaku Monogatarishu, mkusanyo mkubwa wa karne ya 12, unacho kisa cha kasa aliyedanganywa na nyani. Lakini katika masimulizi ya mdomo ya Wajapani aliongezwa mhusika mwingine, yavuyavu, yule mnyama wa baharini mwenye mwili wa utelezi. Yeye ndiye aliyevujisha siri ya ini, na kama adhabu alipigwa hadi mifupa yake yote ikaisha. Kwa nyongeza hiyo hurafa, yaani hadithi ya wanyama yenye funzo, iligeuka kuwa kisasili kinachoeleza chanzo cha jambo la maumbile: kwa nini yavuyavu hana mifupa.

Jinsi ya kutambua hadithi moja

Kufanana kwa hadithi mbili hakutoshi kuthibitisha kwamba zina asili moja. Visasili vya gharika kuu vinapatikana katika mabara mengi, lakini mafuriko nayo yako kila mahali, na watu waliotengana wanaweza kufikia wazo moja bila kuambiana. Wataalamu wa ngano hutafuta kitu kigumu zaidi: mlolongo wa mambo ya ajabu yaliyofuatana kwa mpangilio ule ule. Mnyama wa nchi kavu kumwamini mnyama wa majini ni jambo la kawaida. Lakini kupandwa mgongoni, siri kutobolewa katikati ya maji, kiungo cha mwili kudaiwa kimeachwa nyumbani, na msafara kurudi kukichukua, ni mlolongo ambao ni vigumu kuamini kwamba ulibuniwa mara nyingi mbalimbali.

Mwaka 1859 Mjerumani Theodor Benfey, alipochapisha tafsiri yake ya Panchatantra, alifuata nyayo za hadithi hizo nchi kwa nchi na kutoa hoja kwamba ngano nyingi za Ulaya zilitoka India. Alikubali, hata hivyo, kwamba hadithi za wanyama kwa sehemu kubwa zilikwenda upande wa pili, kutoka kwa Wagiriki. Kisa cha ndani, cha mnyama asiye na moyo, kinaonyesha ugumu wa suala hilo. Babrius, aliyeandika hadithi za wanyama kwa ushairi wa Kigiriki yapata karne ya 2, anacho kisa cha simba mgonjwa, mbweha na paa dume: paa anaponyoka mara ya kwanza, anarudishwa kwa maneno matamu, anauawa, na mbweha anakula moyo wake na kudai haukuwapo. Kisa cha nje kinaelekeza India kwa nguvu. Cha ndani kinaacha njia mbili wazi.

Ili kulinganisha maelfu ya hadithi bila kupotea, Mfini Antti Aarne alitoa mwaka 1910 orodha ya aina za ngano, kila aina na namba yake. Mmarekani Stith Thompson aliipanua mwaka 1928 na tena mwaka 1961, na Mjerumani Hans-Jörg Uther akaitengeneza upya mwaka 2004. Katika orodha hiyo moyo ulioachwa nyumbani ni aina ya 91, na punda asiye na moyo ni aina ya 52. Mtafiti akikuta hadithi ya kusini mwa Marekani ambamo mamba anataka firigisi ya sungura na sungura anadai hakuja nayo, kama ile iliyotolewa na Joel Chandler Harris kutoka masimulizi ya watu weusi, anajua mara moja pa kuiweka.

Kilichobadilika Unguja

Toleo la Unguja halina maandishi yanayosema lilipitia kwa nani. Pepo za kaskazi zilileta Wahindi, Waajemi na Waarabu kwa karne nyingi, na yeyote kati yao angeweza kuwa nalo kichwani. Lakini ndani ya kisa mna dalili. Katika Jataka na Panchatantra mke wa mamba ana uchu tu. Katika Kalila wa Dimna moyo unatafutwa kama dawa ya mgonjwa, na ndivyo ilivyo Unguja. Mti wa Kalila wa Dimna ni mtini, na mkuyu ni wa jamii hiyo hiyo. Mzambarau, ambao unajulikana sana visiwani, haumo. Kisa cha punda nacho kinasimuliwa na nyani mwenyewe mwishoni, kama kejeli kwa aliyetaka kumuua. Dalili hizi zinaelekeza zaidi kwenye mapokeo ya Kiarabu, ingawa Jataka nayo ina mkuyu wake.

Mengine mengi yalitengenezwa upya Unguja. Kasa mpole anayesitasita aliondoka, akaingia papa, mnyama ambaye mvuvi yeyote wa pwani anajua kwamba si wa kuaminiwa. Mke mwenye wivu na ugonjwa wa uongo aliondolewa, na nafasi yake ikachukuliwa na sultani mgonjwa. Unguja ya mwaka 1870 ilikuwa mji wa masultani, na amri ya kumponya mtawala haikuhitaji maelezo kwa msikilizaji. Papa kwa hiyo hamsaliti rafiki kwa ajili ya nyumba yake, anatumikia wakubwa.

Badiliko kubwa zaidi ni la bweha. Kote alikopita, kutoka India hadi Basra, mjanja wa kisa cha punda alikuwa bweha. Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa tayari na mjanja wake, sungura, ambaye katika ngano za bara na pwani huwashinda tembo, fisi na simba kwa akili. Hadithi ya kigeni ilipoingia haikuweza kumpita. Ilibidi impe kazi. Dobi, kwa upande mwingine, alibaki. Alikuwa mtu wa kawaida katika miji ya India na wa kawaida pia katika mji wa Unguja, kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kumbadilisha.

Funzo nalo lilihama. Wabuddha walitaka msikilizaji atambue uadui wa Devadatta, Vishnu Sharma alitaka wana wa mfalme wajifunze kutopoteza windo, na mtumishi wa Goguryeo alitaka mfungwa aelewe namna ya kutoka. Masimulizi ya Unguja yanaweka uzito wake kwa punda, kiasi kwamba Steere alikichapisha kisa chote kwa jina la punda wa dobi. Kosa linalochekwa humo si kudanganywa, kwa kuwa hata kima alidanganywa akapanda mgongoni mwa papa. Kosa ni kurudi kwa aliyekwisha kukudanganya, jambo ambalo methali ya Kiswahili nayo inalikataza inaposema kwamba mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Mikusanyo kama ya Steere na Bateman inahifadhi kisa kama kilivyokuwa kinywani mwa msimulizi mmoja, mahali pamoja, wakati mmoja. Haiwezi kukizuia kisiendelee kubadilika, na haisemi lipi ni toleo sahihi. Thamani yake inaonekana inapowekwa sambamba na mingine: mkuyu wa Unguja kando ya mtini wa Kalila wa Dimna, papa kando ya mamba wa Ganges, moyo kando ya ini la Korea. Hapo ndipo msomaji anaweza kutenganisha kilichorithiwa na kilichobuniwa, na kuona kwamba waliokisimulia pwani hawakukipokea tu; walikitunga upya kwa ajili ya wasikilizaji wao.